Wakatoliki wa Mwanza naombeni msaada: nabatiza mapacha na bosi wangu Mlutheri anataka awe baba wa ubatizo

BabaKulwa_Igoma

Tumsifu Yesu Kristo wadau. Nipo Igoma hapa Mwanza, mke wangu kajifungua mapacha, wa kiume na wa kike, Kulwa na Doto, sasa hivi wana miezi mitatu na Mungu anasaidia wanakua vizuri. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, kipaimara nilipata Ukerewe nikiwa bado shule ya msingi, mke wangu kakulia kanisa la AIC (Africa Inland Church), na ndoa yetu mpaka leo ni ya bomani, mahari nilishamaliza ila kanisani bado hatujafika.

Sasa nataka watoto wabatizwe na hapo ndo kichwa kinauma. Bosi wangu ni mtu wa KKKT, mtu mzima anaheshimika, kanisaidia sana hata wakati wife kafanyiwa operesheni, juzi kaniambia yeye ndo atakua baba wa ubatizo wa wote wawili na sherehe ataisimamia yeye kuanzia turubai mpaka ng'ombe. Kwa upande wa mama wa ubatizo, mdogo wangu wa kike anatamani sana awe msimamizi, ni mwanakwaya, yuko fomu three, ana kipaimara ila miaka 16 anatimiza Novemba. Na kuna rafiki yangu tuliyekua naye Ukerewe, ni mvuvi, hana kitu lakini huyo ndo mtu ambaye hata tukiwa wadogo alikua anatuburuza kwenda kanisani, ana ndoa ya kanisani na anasali kwelikweli, tatizo yuko Nansio.

Afu kuna watu jumuiyani wameniambia nisihangaike, bila ndoa ya kanisani na bila kadi ya zaka kujaa paroko hatapokea watoto. Na mama mkwe naye anasema kwao mtoto habatizwi mpaka ajitambue. Naombeni mwenye uelewa anisaidie, semina ya wazazi na wasimamizi parokiani kwetu imekaribia na mimi majina ya wasimamizi sijaandika.

---

Katekista_Mzee

Milele na milele amina. Hongera baba kwa mapacha. Nimefundisha dini kigangoni upande wa Magu kwa muda mrefu, haya maswali nayajua, ngoja nijibu taratibu maana hapa watu wanatishana bure.

Hilo la ndoa ondoa hofu. Mtoto hazuiwi kwa sababu ya ndoa ya wazazi wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 kanuni ya 868 inataka angalau mzazi mmoja awe ameridhia, na pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa kikatoliki. Hilo tumaini likikosekana kabisa paroko anaweza kuahirisha, kuahirisha siyo kukataa, na lazima awaeleze wazazi sababu. Papa Fransisko mwenyewe Januari 2014, kule kwenye Kikanisa cha Sistina, alibatiza mtoto ambaye wazazi wake walikua na ndoa ya serikali tu. Kwahiyo nenda kwa paroko na mkeo mkiwa wawili, mwambie ukweli wote, na mwambie pia mnataka kubariki ndoa. Mkeo kama alibatizwa huko AIC kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu basi ubatizo wake unatambulika, hatabatizwa upya, mtaomba ruhusa ya askofu kwa ndoa ya mseto, yaani Mkatoliki na Mkristo wa kanisa lingine, na wewe utaahidi kufanya kila unaloweza watoto walelewe katika imani yako. Ni mchakato wa kawaida kabisa, usiuogope.

La zaka, nakuambia kama mtu niliyekaa na vitabu vya kigango, zaka ni wajibu wako na ulipe, lakini sakramenti haiuzwi. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Mwenyekiti wa jumuiya anaandika barua ya kukutambulisha kwamba unasali na wanakujua, basi. Kama wewe jumuiyani huonekani hilo ndo la kurekebisha, na dawa yake ni kwenda kusali nao.

Sasa wasimamizi. Kanuni ya 872 mpaka 874. Mtoto anakua na msimamizi mmoja, wa kiume au wa kike, au wawili mmoja mmoja kila jinsia. Awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki mwenye kipaimara na aliyekwisha pokea Ekaristi, maisha yake yaendane na imani, asiwe chini ya adhabu ya Kanisa, na asiwe baba wala mama mzazi wa huyo mtoto. Bosi wako kwa kuwa ni Mkristo aliyebatizwa KKKT anaweza kusimama kama SHAHIDI wa ubatizo, lakini lazima kando yake awepo msimamizi Mkatoliki. Hawezi kuwa msimamizi peke yake, na kwenye kitabu jina lake litaandikwa kama shahidi. Mdogo wako umri bado, ila paroko ana uwezo wa kuruhusu kukiwa na sababu ya msingi, muulizeni. Huyo mvuvi wa Nansio mimi simjui lakini kwa ulivyomuelezea ndo nilikua namsubiri umtaje toka mwanzo.

---

MamaD_Kirumba

Katekista kamaliza upande wa sheria, mimi naongea upande wa maisha maana hili jambo naliamini sana.

Mama yangu wa ubatizo alikua anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hakua na hela. Siku ya ubatizo wangu nasikia zawadi yake ilikua kitenge cha kunibebea. Nilipofika umri wa mafundisho ya komunyo baba alikua kaenda machimboni Geita na mama kahangaika na wadogo zangu, aliyekua ananifuatilia ni yeye. Kila Jumamosi namkuta kasimama nje ya ukumbi na beseni lake limefunikwa na kitambaa cha bluu, mikono inanuka dagaa, kabla hajanipa andazi ananiuliza leo mmefundishwa nini, na nisipokua na jibu tunarudi wote ndani kwa katekista nikaelezwe upya mbele yake. Andazi napata baada ya hapo. Nilikua naona aibu mbele ya wenzangu lakini amri kumi za Mungu na sala ya kutubu sijazisahau mpaka leo. Ndoa yangu alikaa benchi ya mbele na wazazi wangu.

Ndo maana huwa naumia nikiona mtu anachagua baba wa ubatizo kwa kuangalia gari. Wanakuja siku moja, wanapiga picha na mtoto, wanaacha bahasha, mtoto anafika darasa la nne hajui hata sura ya baba yake wa ubatizo. Ukiangalia ibada yenyewe padri anamuuliza msimamizi mbele ya watu wote kama yuko tayari kuwasaidia wazazi katika wajibu wao, na yeye anajibu ndiyo. Pamoja na wazazi anamchora mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, anamkataa shetani, anakiri imani ambayo mtoto ndo anabatizwa ndani yake, halafu mshumaa wa mtoto unawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka na wanakabidhiwa huo mwanga wautunze. Hakuna sehemu hata moja padri anauliza nani atanunua ng'ombe.

BabaKulwa bosi wako mheshimu na ng'ombe wake mpokee kama katoa kwa moyo, ila usichanganye mambo.

---

Ndugu_Wa_Buhongwa

Mimi siyo Mkatoliki, nasali kanisa la kiroho na naongea kwa upendo kabisa. Mama mkwe ana hoja wandugu. Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa ataokoka, kuamini kumetangulia. Mtoto wa miezi mitatu anaamini nini? Kwetu tunamweka wakfu, tunamuombea, akikua anachagua mwenyewe na anazamishwa kwenye maji mengi, hapo hahitaji mtu wa kumjibia.

---

Mwl_Malimbe

Asante ndugu kwa kuuliza kwa staha, hii hoja inastahili jibu.

Kwenye Matendo sura ya 16 Lidia anabatizwa yeye na nyumba yake, na mkuu wa gereza anabatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote. Maandiko hayatuambii kulikua na watoto au hapana, ila yanaonyesha imani ya mkuu wa nyumba ilivyobeba nyumba nzima. Tukija kwenye historia mambo yako wazi zaidi. Katika karne ya 3 Sipriani askofu wa Kartago, Afrika hii hii ya kaskazini, pamoja na maaskofu wenzake waliulizwa kama mtoto asubiri siku ya nane ndo abatizwe, kama ilivyokua tohara, wakajibu hakuna haja hata ya kusubiri hizo siku nane. Maana yake ubishi wao haukua kama mtoto abatizwe, ulikua abatizwe lini. Na maandishi ya kale kuhusu ibada yanasema watoto wabatizwe kwanza, wanaoweza kujibu wajibu wenyewe, wasioweza wazazi wao au mtu wa ukoo awajibie. Hapo unaona mzizi wa msimamizi.

Augustino naye, huyu ambaye chuo chetu cha SAUT hapa kimebeba jina lake, alizaliwa na mama Mkristo lakini hakubatizwa utotoni, alibatizwa mtu mzima mwaka 387 kule Milano na Ambrosi. Na ndiye aliyekuja kuutetea sana ubatizo wa watoto wachanga, kwa sababu kwake ubatizo ni zawadi ya Mungu kabla haujawa jibu la mtu. Mtoto hajafanya lolote la kustahili, na anapewa. Huo ndo moyo wa imani yetu kwenye hili jambo, siyo kwamba tunadhani mtoto anaelewa. Na kipengele cha mtu kukiri mwenyewe hatujakitupa, kipaimara kipo na kila usiku wa Pasaka tunarudia ahadi za ubatizo tukiwa na akili zetu.

Halafu kitu kimoja watu wa huku ziwani tunasahau. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walipofika Kageye kando ya Ziwa Victoria Desemba 1878, na baadae wakafungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, hawakuanza na watoto wa miezi mitatu. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Mababu zetu wengi waliingia wakiwa watu wazima waliosubiri na kuulizwa maswali. Ubatizo wa mtoto unasimama juu ya wazo kwamba hiyo miaka ya mafundisho itafuata nyuma yake, nyumbani, na mwenye dhamana nayo ni mzazi na msimamizi. Ukibatiza mtoto halafu mafundisho yasije, hapo ndugu yangu wa Buhongwa hoja yake inapata nguvu na mimi siwezi kumlaumu.

---

Ndugu_Wa_Buhongwa

Nimekuelewa mwalimu, hasa hapo mwisho. Bado nina msimamo wangu ila nimejifunza kitu. Mungu awabariki mapacha.

---

sista_nesi

Naongezea la dharura kwa sababu watu wengi hawajui na linaumiza. Mimi ni nesi wodi ya watoto njiti, hospitali moja hapa mjini. Hali ya mtoto ikiwa mbaya hausubiri padri wala semina wala msimamizi. Mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile Kanisa linalofanya anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa. Huwa namuuliza mama kwanza, akikubali nachukua maji masafi ya vuguvugu kwenye sirinji isiyo na sindano, napitisha mkono kwenye tundu la inkubeta, nayamimina pole pole kichwani yatiririke kwenye ngozi huku nasema jina la mtoto, nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji lazima yatiririke, kulowanisha pamba na kugusisha sifanyi. Na maneno hayabadilishwi, Roma ilishasema Agosti 2020 kwamba hata kusema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" ubatizo hausimami.

Mtoto akipona mama anakwenda parokiani na kueleza, hatabatizwa tena, watamalizia sehemu zilizobaki kama kupakwa mafuta matakatifu ya krisma, kitambaa cheupe na mshumaa, na jina litaingia kitabuni. Mwambieni paroko ukweli, msikae kimya mkaja mkabatiza mara ya pili.

---

kijana_pasiansi

Samahani swali la pembeni, ni kweli baba wa ubatizo na mama wa ubatizo wa mtoto mmoja hawaruhusiwi kuoana? Nina sababu ya kuuliza 😅

---

Katekista_Mzee

Kijana oa tu kama mko huru. Zamani kulikua na kizuizi cha undugu wa kiroho, sheria ya 1917 ilikibakiza kati ya mbatizwa na aliyembatiza, na kati ya mbatizwa na msimamizi wake. Wasimamizi wawili kwa wawili hawakuguswa. Na sheria ya sasa ya 1983 kwa sisi wa ritu ya Kilatini haina tena hicho kizuizi.

---

BabaKulwa_Igoma

Wadau nimesoma yote na mke wangu tukiwa pamoja, asanteni mno. Hiyo ya shahidi sikuijua kabisa. Tumekubaliana hivi, rafiki yangu wa Nansio awe msimamizi wa Kulwa na bosi awe shahidi pembeni yake. Doto tunataka apate mama, mdogo wangu tukamuombee kwa paroko. Maswali yaliyobaki. Moja, wife anauliza, MamaD kasema mtu awe karibu na mtoto, sasa Nansio na Igoma si mbali jamani? Mbili, je mtu mmoja anaweza kusimamia mapacha wote paroko akimkataa huyo mdogo wangu? Tatu majina, bibi yao anataka wabaki Kulwa na Doto na mimi naona haya majina nisiyafute. Na bosi namwambiaje?

---

MamaD_Kirumba

Shemeji wa Igoma swali lako zuri. Kwangu karibu siyo lazima mtaa mmoja. Kuna watu wanakaa nyumba ya pili na hawajui mtoto wa ubatizo anasoma darasa gani. Nansio meli zipo, mtu akija mjini kuleta samaki anapita kwenu anakaa na mtoto, watoto wakikua wanapelekwa likizo kwake wanaenda nae misa kigangoni. Mwambieni toka sasa hivi kwamba hilo ndo mnalolitaka kwake, asidhani mnamtaka siku ya sherehe tu. Maana mtu asiye na kitu mara nyingi akiombwa usimamizi anaogopa anakataa, anawaza zawadi. Mkimuambia hatutaki zawadi tunataka umfundishe mtoto kusali utaona anavyopokea.

Kwa bosi, nenda nyumbani kwake, usimpigie simu. Nenda na mkeo na mapacha. Mueleze kwamba Kanisa lina utaratibu wake, na kwamba nafasi yake ni shahidi na jina lake litakaa kitabuni. Mtu wa KKKT anaelewa habari ya wadhamini wa ubatizo, na wao wanabatiza watoto, hatashangaa. Asilisikie kanisani siku yenyewe.

---

Katekista_Mzee

Mtu mmoja kusimamia wote wawili inaruhusiwa, kila mtoto anaandikwa mstari wake na msimamizi wake hata kama ni yuleyule. Ila kwa mapacha napenda kila mtoto awe na wa kwake, maana tangu wamezaliwa kila kitu wanagawana.

Majina ya Kulwa na Doto baki nayo. Kanuni ya 855 inakataza tu jina lisiloendana na moyo wa kikristo, na Kulwa na Doto hayana ubaya wowote, ni majina ya heshima Usukumani kote. Desturi ni kuongeza jina la mtakatifu mbele. Kwa wa kiume na wa kike mimi ningewapa Benedikto na Skolastika, walikua ndugu na mapokeo yanasema walikua mapacha. Sikukuu ya Benedikto ni tarehe 11 Julai na ya Skolastika 10 Februari, kwahiyo kila mtoto ana siku yake ya kusherehekea.

Rafiki yako aje na barua ya paroko wake wa Ukerewe inayosema ni Mkatoliki mwenye kipaimara na ndoa yake iko sawa. Wewe nawe kachukue cheti chako kipya cha ubatizo kulekule ulikobatizwa, utakihitaji kwa ajili ya ndoa na mara nyingi wanataka kisichozidi miezi 6. Usilete kile cha zamani kilichochakaa. Sababu ni kwamba pembeni ya jina lako kwenye kile kitabu kunaandikwa kipaimara na ndoa, kwahiyo wanataka kuona hali yako ya leo. Nimeshaona mtu anapangiwa tarehe ya ndoa halafu anakumbuka kitabu chake kiko kisiwani, na upepo umekataa meli. Mwagize huyo rafiki yako akulipie na akubebee akija, ila mpe jina lako kamili, jina la baba, mwaka na kigango, na kama una namba ya kitabuni mpe, itawaokolea muda.

Na kabla hujaweka tarehe kwenye kadi za mwaliko muulize paroko, maana parokia nyingi Kwaresima hazibatizi watoto isipokua dharura, wanasubiri Pasaka.

---

BabaKulwa_Igoma

Rafiki yangu nimempigia sasa hivi, alinyamaza kwanza nikadhani simu imekatika, kumbe analia. Kasema atakuja na barua mbili, ya kwake na cheti changu. Bosi tunaenda kwake Jumapili baada ya misa. Skolastika mama mkwe kaipenda, Benedikto mke wangu bado anafikiria. Nitaleta mrejesho wa paroko.

---

MamaD_Kirumba

Nunueni mishumaa miwili na vitambaa vyeupe viwili, watu wa mapacha huwa wanasahau wananunua kimoja. Na kamlango ka nyuma pale kanisani wakati wa ubatizo kana upepo, mwambie msimamizi ashike mshumaa mbali na nguo za mtoto.